Hadithi Isiyofungwa: Tahakiki ya Umbo la Video Fupi

Katika miaka hii michache limezuka katika idara zetu wazo kwamba video fupi zinazotazamwa katika simu ni mrithi halali wa fasihi simulizi. Tumelisikia katika utetezi wa tasnifu, tumelisoma katika kazi za wanafunzi, na walimu nao hulitaja kila wanapoulizwa juu ya mustakabali wa somo lao. Wazo lenyewe halifai kupuuzwa. Mwandishi wa makala haya aliwahi kulifundisha. Leo tunakusudia kulihakiki, kwa sababu tunaona limeacha nje jambo moja ambalo lisipotajwa hatutaweza kueleza kwa nini mwanafunzi mwenye akili timamu, ambaye kesho ana mtihani, hutazama video hizo hadi jogoo awike.

Jambo hilo ni la umbo. Wahakiki wetu huchukua video moja, wakaichambua fani na maudhui yake, wakaonyesha methali iliyomo, kejeli iliyomo, wahusika na lugha yao. Kazi hiyo hufanywa vizuri. Lakini nani hutazama video moja? Kinachotazamwa ni mfululizo, pengine mamia ya video kwa usiku mmoja, uliopangwa kwa ajili ya mtazamaji huyo peke yake na ambao hakuna mtu mwingine duniani atakayeupata ulivyo. Mfululizo huo ndio kazi inayopaswa kuhakikiwa, na sifa yake ya kwanza ni kwamba haufungwi. Tutajaribu kuonyesha kwamba nguvu ya video fupi ya kumteka mtu inatokana na sifa hiyo zaidi kuliko ucheshi, uzuri au upuuzi wa yanayoonyeshwa.

Kwanza tuwatendee haki wanaoshikilia wazo hilo, maana wameona mengi sawasawa. Wakazi wa Lubumbashi hawana haja ya kukumbushwa kundi la Mufwankolo, lililochekesha na kuonya kwa Kiswahili cha hapa mjini mpaka likawa sehemu ya jioni za watu mbele ya televisheni. Mwaka 1986 kundi hilo liliigiza mchezo uliojengwa juu ya msemo kwamba nguvu huliwa nzima. Mchezo ukapigwa picha katika kijiji cha Kawama, naye Johannes Fabian akaueleza kwa kirefu katika kitabu chake Power and Performance cha mwaka 1990. Linalotuhusu hapa ni namna mchezo ulivyotungwa. Waigizaji hawakuwa na maandishi ya kukariri. Walianza kwa kubishana juu ya maana ya msemo wenyewe, wakagawana sehemu, kisha maneno yakatungwa papo kwa papo, katika Kiswahili kile kile cha sokoni na cha nyumbani ambacho shule ilikidharau kwa kuwa si Kiswahili bora.

Anayetazama leo vichekesho vya vijana wa Katanga katika simu atawatambua jamaa hao. Mume mwongo yupo, mke mwerevu yupo, na mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi ya miezi mitatu hakosekani. Lugha ni ile ile, tena bila haya. Zaidi ya hapo, programu hizi humruhusu mtu kuichukua sauti ya mwingine na kuigiza juu yake, hata sauti moja ikarudiwa na maelfu ya watu, kila mmoja akiitia jambo lake. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuandika kwamba huko ni kurudi kwa kibwagizo na kwa wimbo wa kupokezana. Hatukuweza kumpinga. Walter Ong alikwisha kutuambia mwaka 1982, katika Orality and Literacy, kwamba vyombo vya umeme huleta usimulizi wa pili, unaofanana na ule wa kwanza pasipo kuwa sawa nao. Tatizo ni kwamba wengi wetu tulipofika kwenye neno "unaofanana" tulifunga kitabu.

Historia ya umbo hili ni fupi. Vine, iliyoanza mwaka 2013, iliruhusu sekunde 6 tu, ikafa mwaka 2017. Kampuni ya ByteDance ya Beijing ilitoa Douyin kwa ajili ya China mwaka 2016 na TikTok kwa nchi nyingine mwaka 2017, na mwaka 2018 TikTok ikaimeza Musical.ly. Mwaka 2020 Instagram ikaiga kwa Reels na YouTube kwa Shorts. Wapo wanaodhani kwamba siri yote ni ufupi. Lakini tangu mwaka 2022 TikTok inaruhusu video ya dakika 10, na hatujamwona mtu aliyeponywa na urefu huo.

Sasa tuangalie namna hadithi inavyofunguliwa na kufungwa. Katika mapokeo ya Waswahili wa pwani, yaliyoanza kuandikwa tangu karne ya 19, msimulizi haingii katika hadithi bila ruhusa. Husema "Paukwa", akajibiwa "Pakawa". Au husema "Hadithi, hadithi", akajibiwa "Hadithi njoo". Jambo hili tunalifundisha katika saa ya kwanza ya somo, na kila mwanafunzi analijua. Miishio tunaipitia haraka mno. Msimulizi yule yule, akimaliza, huiaga hadithi yake kwa maneno maalumu: kwamba ikiwa ni nzuri, uzuri wake ni wa watu wote, na ikiwa ni mbaya, ubaya wake ni wake yeye aliyeisimulia. Lugha nyingine za Katanga zina maneno yake ya kufungia, na mtafiti anayezikusanya hadithi zake huyakuta kila mara, ingawa mara nyingi huyaacha katika tafsiri kama ganda la karanga.

Ganda hilo lina kazi. Maneno ya kufungia humrudishia msimulizi dhamana ya alichokisema. Amekubali kwamba ubaya, ukiwapo, ni wake. Vilevile huikabidhi hadithi mikononi mwa hadhira ili iamue juu yake. Tena humwachilia msikilizaji. Tangu pale kwenye "njoo" alikuwa amefungwa kwa ridhaa yake. Sasa amefunguliwa, anaweza kuuliza, kubisha, kucheka upya, kulala. Kimya kinachofuata baada ya mwisho ni sehemu ya hadithi, na tunathubutu kusema kwamba ndicho kinachoifanya ikumbukwe. Katika kimya hicho mtoto huuliza, "Sasa yule sungura alikwenda wapi?", na mtu mzima hujibu, "Kalale."

Video fupi haina lolote kati ya hayo. Haiombi ruhusa, huanza katikati ya ugomvi, na mtu amekwisha kushikwa shati kabla hatujajua kosa lake, kwa sababu mtengenezaji anajua kwamba sekunde mbili tatu za kwanza ndizo zitakazoamua kama ataachwa au la. Hilo tunaweza kulisamehe: hata ngano huanza na balaa. Mwisho wake ndio wa ajabu. Video ikiisha hujirudia yenyewe toka mwanzo, na wapo watengenezaji hodari wanaoiunganisha sentensi ya mwisho na ya kwanza ili mtazamaji asijue kwamba amekwisha kuzunguka. Akichoka nayo, hutelezesha kidole na nyingine inaanza. Haikuanza kwa kuwa ile ya kwanza ilikwisha. Ilianza kwa kuwa kidole kilipita. Kwa hiyo, mfululizo wote umeundwa kwa mianzo. Ni mwanzo juu ya mwanzo, na nafasi ambayo jadi ilikiweka kimya imezibwa.

Ni nani basi mtunzi wa mfululizo huo? Kijana wa Kenya-Katuba aliyejirekodi uani kwao ametunga tone moja tu. Anayeyapanga matone ni algoriti, yaani mfuatano wa maagizo ya kompyuta unaopima kila kitendo cha mtazamaji: alikaa kwa muda gani, alirudia nini, alipita nini kwa haraka, alimtumia nani. Mtunzi huyu haijui hadithi. Anajua kidole gumba. Hana haja ya kuelewa Kiswahili ili ajue kwamba mtazamaji fulani hupunguza mwendo kila anapoonekana mama mkwe.

Wanasaikolojia wana maelezo ya kale kidogo ambayo mhakiki hapaswi kuyaogopa. Mwaka 1957 Ferster na Skinner walichapa matokeo ya majaribio yao juu ya wanyama, wengi wao njiwa, waliopewa chakula kwa kudonoa kitufe. Njiwa anayepata chakula kila baada ya idadi ileile ya midonoo hupumzika kidogo kila anapolipwa. Njiwa ambaye hajui ni donoo lipi litakalomletea punje, la tano au la hamsini, hudonoa bila kukoma. Tukilileta jambo hili katika tahakiki, linageuza tathmini yetu. Tumezoea kulalamika kwamba katika video kumi, saba hazina maana. Malalamiko hayo yanachukulia kwamba zile saba ni kasoro. Lau zote zingekuwa nzuri, tungeshiba, tukaiweka simu chini. Zile saba ndizo zinazomfanya mtu aitafute ya nane. Takataka ni sehemu ya utunzi, na mhakiki anayeziacha kando ili achambue "zenye thamani" ameshaacha kuihakiki kazi iliyo mbele yake.

Wala umbo hili halikuja lenyewe kama mvua. Zamani ukurasa wa intaneti ulikuwa na chini yake. Ukifika chini, ulibidi uamue kama unataka ukurasa unaofuata. Mwaka 2006 mbunifu mmoja wa Marekani, Aza Raskin, alibuni namna ya kuiondoa chini hiyo, ili yaliyomo yaendelee kushuka bila ukomo. Baadaye alijuta hadharani. Kuhusu TikTok yenyewe, mwezi wa Oktoba 2024 wanasheria wakuu 14 wa Marekani waliishtaki, na katika hati za jimbo la Kentucky sehemu ambazo zilikusudiwa kufichwa zilisomeka, waandishi wa habari wakazitangaza. Humo mlikuwa na hesabu ya kampuni kwamba mazoea hujengeka baada ya video 260. Wachunguzi wa jimbo wakapiga hesabu yao: kwa kuwa video nyingine ni za sekunde 8 tu, mtu anaweza kuzimaliza kabla ya dakika 35. Kampuni ilijibu kwamba maneno yake yalichaguliwachaguliwa na kutolewa nje ya muktadha.

Katika hati hizo hizo kuna jambo linalowagusa zaidi watu wa fasihi. Kampuni ilikuwa imeweka kikomo cha dakika 60 kwa siku kwa vijana, tangazo likitokea kuwakumbusha. Majaribio yalionyesha kwamba muda wao ulishuka kutoka dakika 108.5 hivi hadi 107. Tangazo hilo tunaweza kuliita kifungio cha uongo. Lina maneno ya kuaga, lakini msemaji hana nia ya kuondoka, na papo hapo chini yake pana mahali pa kubonyeza ili shughuli iendelee. Msimulizi anayesema "hadithi yangu imeishia hapo" huku ameushika mkono wa msikilizaji hajafunga kitu. Na kwamba kufunga kunawezekana, penye nia, tunakuona China kwenyewe: tangu mwaka 2021 Douyin huwaruhusu watoto wa chini ya miaka 14 dakika 40 kwa siku, na kati ya saa nne za usiku na saa kumi na mbili za asubuhi hawaingii kabisa. Hatusemi kwamba serikali zetu ziige. Tunasema tu kwamba ukosefu wa mwisho ni uamuzi wa mtu.

Tukija kwenye lugha, ambayo ndiyo kazi yetu hasa, tunakuta mambo mawili. La kwanza ni neno lenyewe uraibu, ambalo sasa hutumika redioni na magazetini kwa ajili ya pombe, bangi na simu. Kamusi zinaonyesha kwamba asili yake ni kitu cha mdomoni: ule mchanganyiko wa tambuu, popoo, chokaa na tumbaku ambao watu wa pwani huutafuna na kumkaribishia mgeni. Baadaye likatanuka, likawa hali ya kushindwa kuacha. Sisi wa Katanga hatutafuni tambuu. Neno limetufikia likiwa limekwisha kupoteza ladha yake. Lakini ladha hiyo inafaa kukumbukwa. Tambuu hutemwa. Mraibu wa kwanza, hata awe wa kutafuna mchana kucha, alilazimika mara kwa mara kukitoa kinywani kilichokwisha utamu, na kati ya tafuno na tafuno alikuwa na mdomo mtupu wa kuzungumzia. Kwa maana hiyo, video fupi imelizidi jina tulilolipa.

La pili limo katika vinywa vya wanafunzi wetu. Mtu akizungumza juu ya kitabu au filamu husema "nilisoma", "niliangalia"; yeye ndiye kiima. Akizungumza juu ya video fupi, kiima hubadilika: "inanileteaka bintu", "ilinionyesha", "ilinipelekaka fasi ingine". Mnyambuliko wa kutendea katika leta-letea ni wa mtumishi na bwana wake: mtumishi huleta, bwana huletewa. Mwanafunzi anajiona bwana. Lakini tumuulize bwana huyo aliagiza nini, naye atajibu kwamba hakuagiza kitu. Bwana asiyeagiza, anayepokea kila kilicholetwa, wala hawezi kumwambia mtumishi wake basi, ni bwana wa namna gani? Na hiyo -ka ya mazoea, inayoongezwa mwishoni mwa kitenzi katika Kiswahili cha Lubumbashi na ambayo walimu wa Kiswahili bora huifuta kwa kalamu nyekundu, hapa inasema kweli tupu: jambo halikutokea mara moja, ni la kila siku. Tungeomba isifutwe.

Msomaji atatupinga, na tunajua kwa silaha gani. Atamtaja Shahrazad wa Alfu Lela Ulela. Je, huyo si bingwa wa hadithi isiyofungwa? Hakumteka mfalme kwa usiku elfu na moja kwa kukata masimulizi mahali patamu? Na riwaya zilizochapwa gazetini kwa sehemu, na michezo ya mfululizo ya televisheni ambayo mama zetu waliacha maharagwe yakaungua kwa ajili yake, zote si za ukoo huo?

Pingamizi hili ni zito, nasi tulikaa nalo siku nyingi. Tuonavyo, Shahrazad huuchelewesha mwisho, lakini huuahidi. Anachokatisha alfajiri hukimaliza usiku unaofuata. Ndani ya hadithi yake mna deni, na deni hulipwa. Mfalme anajua anachokingojea. Tena, kuna alfajiri. Jua likichomoza Shahrazad hunyamaza, na mfalme huenda barazani kuamua kesi za watu. Mchana kutwa hadithi iliyokatwa hukaa ndani yake ikifanya kazi, na kama tunauamini mkasa wenyewe, kazi hiyo ya mchana ndiyo iliyomponya ukatili. Mfululizo wa video hauna deni kwa mtu. Haukuahidi kitu katika video ya 40 ambacho utakilipa katika ya 41. Mtazamaji hasubiri kujua kilichompata fulani. Anasubiri tu, na hawezi kusema anasubiri nini. Natasha Dow Schüll, aliyechunguza wacheza kamari wa mashine za Las Vegas katika kitabu chake cha mwaka 2012, Addiction by Design, aliwakuta watu ambao hawakucheza tena ili washinde. Walicheza ili waendelee kucheza. Ushindi mkubwa uliwasumbua kwa kuwa uliwakatiza. Hao wanafanana na mtazamaji wetu kuliko mfalme wa Shahrazad.

Hapa naomba ruhusa ya kusema "mimi", ingawa si desturi ya kurasa hizi. Nilipoanza kuandaa makala haya nilijitengea jioni moja, daftari mkononi, ili nitazame kama mtafiti. Nilianza saa tatu za usiku. Daftari lina mistari minne, yote ya dakika kumi za kwanza. Niliacha saa nane, kwa sababu simu ilizimika. Asubuhi nilijaribu kuisimulia hata video moja tangu mwanzo hadi mwisho, nikashindwa. Nilikumbuka uso, kanzu ya njano, mlio wa kicheko. Hadithi ambazo nkambo yangu alinisimulia nikiwa na miaka saba, nyingine mara moja tu, naweza kuzisimulia leo. Sidai kwamba huo ni ushahidi wa kisayansi. Nilikuwa pia na karatasi za wanafunzi za kusahihisha, ambazo zilichelewa wiki moja, na waliozingojea wanajua.

Baada ya aibu hiyo niliwaomba wanafunzi wa mwaka wa pili waandike, bila majina, jambo moja: mara ya mwisho walipoiweka simu chini, ni nini kiliwafanya waiweke. Majibu yalifanana kuliko nilivyotarajia. Mega zilikwisha. Umeme ulikatika na betri ilikuwa inakaribia sifuri. Mama aliita. Dada alitaka simu yake. Usingizi ulinishika na simu ikaniangukia usoni. Hakuna hata mmoja aliyeandika kwamba aliacha kwa kuwa kitu fulani kilikuwa kimekwisha, na swali halikuwazuia kuandika hivyo.

Majibu haya yametufundisha jambo ambalo wachambuzi wa Ulaya na Marekani huenda wasilione haraka. Kwetu, mfululizo una mwisho, lakini mwisho huo hutoka nje ya kazi, na jina lake ni upungufu. Bei ya mega na umeme usioaminika ndivyo vinavyotufungia hadithi, kwa ukali na bila maneno ya kuaga. Betri nayo haikosi kejeli yake: sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, inayotiwa katika betri za simu, huchimbwa katika Lualaba na Haut-Katanga, hatua chache kutoka kwenye mabweni ambamo betri hizo huzimika. Ni dhahiri kwamba ulinzi wa namna hii hatuwezi kuusifu. Tena haudumu. Makampuni ya simu huuza vifurushi vya usiku kwa bei nafuu, na mwanafunzi asiye na fedha za mchana hununua usiku. Hivyo upungufu wake umemhamishia shughuli katika saa zile zile ambazo jadi iliziacha kwa hadithi na usingizi.

Kwa hiyo tunawaomba wenzetu wanaosimamia tasnifu juu ya video fupi wasiwaruhusu wanafunzi kuileta video moja iliyokatwa na kuoshwa, kama kwamba ni shairi lililokutwa kitabuni. Mwanafunzi alete saa nzima. Aandike kilichotangulia na kilichofuata, alichokipita na alichokirudia, na saa aliyoanza na kuacha. Karatasi hiyo itakuwa chafu, na nusu yake itakuwa mambo asiyopenda mwalimu ayajue, lakini ndiyo matini yenyewe. Bila hiyo tunahakiki kitu ambacho hakuna mtu aliyekitazama.

Mwaka huu katika zoezi la ukusanyaji tulikwenda kijiji kimoja karibu na Kipushi. Mama mzee mmoja alitusimulia hadithi tatu. Kabla ya ya kwanza alicheka na kuniambia, "Baba, batoto ba leo banasikiaka mwanzo tu," kisha akasimulia polepole, akafunga kila moja kwa maneno yake, akanyamaza, akanywa maji. Mwanafunzi mmoja, kijana mwenye bidii kuliko wengi, alirekodi yote kwa simu. Wiki mbili baadaye aliniletea kazi: hadithi ya pili imekatwa ikawa dakika moja, na maandishi chini yake, na muziki mdogo, na tayari ilikuwa imetazamwa na watu wengi kuliko waliowahi kuisikia katika kijiji hicho tangu ianze kusimuliwa. Ilikuwa kazi nzuri. Sauti ya mama yule ilisikika vizuri, na kicheko chake. Maneno ya kufungia hayakuwamo. Nilipomuuliza, alijibu bila kusita: "Asistenti, pale njo batu banapitaka." Yaani hapo ndipo watazamaji huondoka, na programu ikiona wanaondoka haiwapelekei wengine.

Nilimpa alama 14 kwa 20, nikamwomba alete sehemu aliyoikata. Alikuwa ameifuta ili apate nafasi katika simu.